Fundi Anajibu: Natoa Fanesi ya Gesi, Naweka Pampu ya Joto

Barua za mwezi huu karibu zote zina mada moja, fanesi, yani ile hita kubwa ya gesi inayokaa chumba cha chini au darini na kupuliza joto nyumba nzima kupitia dakti, yani mifereji ya hewa. Watu wameanza kuitoa na kuweka pampu ya joto ya umeme, na kila aliyeanza ana lake la kuuliza. Nimechagua tano, kama yako sijaiweka soma tu, kuna uwezekano mkubwa jibu lako limo humuhumu.

SWALI: Shikamoo fundi. Fanesi yangu ina miaka 19, msimu huu peke yake imeharibika mara mbili, nimechoka nayo. Kwenye kibandiko imeandikwa BTU 100,000 (BTU ni kipimo cha joto). Nimeita watu wawili wanipe kotesheni ya pampu ya joto, mmoja kasema niweke ya tani 5, mwingine kasema achana na hizo vitu, baridi ikizidi utaganda na watoto wako, weka fanesi nyingine tu. Wote wawili walikaa kwangu dakika kumi. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba ndugu yangu, pole na hiyo fanesi. Kwa kweli usimsikilize hata mmoja, maana kwa dakika kumi mtu hawezi kujua nyumba yako inapoteza joto kiasi gani, labda kama ana macho ya kuona ndani ya kuta. Huyo wa kwanza kasoma kibandiko akakisia, huyo wa pili anarudia kitu alichosikia zamani.

Tuanze na huyo wa pili kwa sababu hofu yake wengi wanayo. Pampu ya joto haitengenezi joto, inalihamisha. Nenda nyuma ya friji yako uweke mkono, lile joto unalolisikia limetoka kwenye vitu vilivyomo ndani ya friji, limebebwa likaja kutupwa pale nyuma. Pampu ya joto ndo friji hiyohiyo, ila "ndani ya friji" sasa ni huko nje uwanjani, na "nyuma ya friji" ni sebuleni kwako. Mtu atauliza sasa kama nje kumeganda hilo joto linatoka wapi, ila kwa mashine hewa ya nyuzi -10 bado ni ya moto, kwa sababu ile gesi ya friji inayozunguka kwenye mabomba yake (sio gesi ya kuwasha moto jamani, tusichanganye) inachemka kwenye baridi kali kuliko hiyo. Propani kwa mfano, ambayo siku hizi inatumika kwenye baadhi ya pampu, inachemka kwenye nyuzi -42 kama haijagandamizwa, kwahiyo hewa ya -10 ikipita juu ya bomba lake inaichemsha kama jiko linavyochemsha maji. Ikishachemka kompresa inaigandamiza, inapanda moto, inaingia ndani inaacha joto, inarudi nje kuchukua lingine.

Na wala sio kitu cha jana. Lord Kelvin aliandika wazo la kupasha majengo kwa njia hii mwaka 1852, na jumba la halmashauri ya Zurich kule Uswisi lilifungwa pampu mwaka 1938, iliyokuwa inavuta joto kwenye maji ya mto Limmat. Halafu ukihesabu kwa kaya, nchi za Ulaya zinazoongoza kwa pampu hizi ni Norwe, Uswidi na Ufini, sasa niambie wewe, hao ndo wanaishi kwenye joto?

Alichopatia kidogo ni hiki, kadiri nje inavyozidi kuwa baridi ndivyo pampu inavyotoa joto pungufu na kula umeme zaidi. Zile za zamani zilikuwa zinakata tamaa mapema. Za sasa zenye inveta (kifaa kinachoongeza na kupunguza kasi ya kompresa kadiri inavyohitajika), zilizoundwa kwa ajili ya baridi, zinafanya kazi mpaka -25. Kwahiyo usinunue kwa kusoma namba kubwa ya kwenye boksi, maana ile inapimwa nje kukiwa na nyuzi kama 8 hivi, omba jedwali la kiwanda linaloonyesha mashine inatoa kiasi gani kwenye -10 na -15, au baridi yoyote inayofika kwako. Fundi akikwambia hana hilo jedwali, mwambie alitafute, lipo.

Sasa huyo wa tani 5. Tani hapa sio uzito, ni kipimo cha nguvu ya mashine, moja ni BTU 12,000 kwa saa, karibu kilowati 3.5. Kibandiko chako kinasema 100,000 lakini hiyo ni gesi inayoingia, sio joto linalofika chumbani. Fanesi nyingi za umri huo zinakupa asilimia 80, nyingine zote zinapanda dohani, kwahiyo wewe una BTU 80,000. Na hata hizo 80,000 hakuna aliyethibitisha kama nyumba inazihitaji, walioifunga miaka 19 iliyopita waliweka kubwa ili wasipigiwe simu, ndo ilikuwa tabia na bado ipo.

Fanya hivi. Usiku wa baridi kabisa, themostati (kile kidude cha ukutani cha kuweka nyuzi za joto) ukiwa hujaigusa tangu mchana, kaa na saa yako uandike fanesi inawaka saa ngapi na inazima saa ngapi, kwa saa zima, ikiwezekana masaa mawili. Tuseme katika kila dakika 60 inawaka jumla ya dakika 25. Basi nyumba yako kwenye baridi hiyo inakula 80,000 mara 25 gawanya kwa 60, ambayo ni kama BTU 33,000 kwa saa. Hiyo ni chini ya tani 3! Huyo anataka kukuuzia 5. Hii hesabu inafaa kwa fanesi yenye moto wa aina moja, washa-zima, kama yako ina moto mdogo na mkubwa haitatoka sawa, ila kwa umri wake nadhani ni washa-zima.

Utasema kubwa si ndo nzuri, ikizidi si itapunguza yenyewe? Hata inveta ina kikomo cha kushuka. Ikizidi sana, siku za baridi ya kawaida, ambazo ndo nyingi, itakuwa inawaka inazima inawaka inazima, kompresa inachoka, umeme unapotea, na kiangazi ukiitumia kama eisii (maana ndo hiyohiyo, inageuza tu mwelekeo) itapoza haraka na kuzima kabla haijakausha unyevu, unabaki na chumba cha baridi chenye jasho.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyekuangalizia ni dakti. Fanesi inapuliza hewa ya moto sana lakini kidogo, pampu inapuliza ya uvuguvugu lakini nyingi, kila tani inataka karibu mita za ujazo 11 za hewa kwa dakika. Dakti nyembamba zilizojikunja kila kona haziwezi kupitisha hiyo hewa, utasikia mluzi kwenye matundu na mashine itakuwa inafanya kazi kama mtu anayepumua kwa mrija. Fundi anayejua kazi yake atatoboa kitundu kidogo apime presha ndani ya dakti kabla hajakupa bei. Atapima madirisha, atapanda darini aone insulesheni (yale matandiko ya kuzuia joto lisitoke), atauliza kila chumba. Inachukua masaa. Asipofanya hivyo wewe mwite wa tatu.

Na kabla hata ya huyo wa tatu, ziba nyufa na ongeza insulesheni darini, kazi yenyewe ni vumbi na kuwashwa lakini inaweza kukushusha tani nzima.

SWALI: Fundi habari za kazi. Swali langu fupi, bili itapungua au la? Kila mtu ananiambia umeme ni ghali kuliko gesi.

JIBU: Nzuri. Ni kweli uniti ya umeme ni ghali, ila uniti moja ya umeme kwenye pampu inaleta joto la uniti mbili na nusu mpaka tatu na zaidi, wakati uniti moja ya gesi kwenye fanesi inaleta joto pungufu ya uniti moja, siku zote. Kwahiyo usilinganishe bei na bei, linganisha joto na joto.

Chukua bili zako mbili. Gesi ibadilishe iwe kwenye uniti kama za umeme, kama mita yako inasoma mita za ujazo, moja ni karibu uniti 10.5, kama bili imeandikwa kwa thamu, thamu moja ni uniti 29.3. Sasa tuseme uniti ya gesi ni 1 na ya umeme ni 3, pesa yoyote ile. Fanesi ya asilimia 80, joto la uniti moja linakugharimu 1.25. Pampu yenye wastani wa 3 kwa msimu mzima, joto hilohilo ni 1. Umeokoa. Lakini kama fanesi yako ni mpya ya asilimia 95 joto lake ni 1.05, tofauti ni ndogo sana, na kama umeme kwako ni mara 4 ya gesi basi pampu inakuwa 1.33 na utalipa zaidi, sitakudanganya. Kuna watu wanauza hizi mashine kwa kuahidi nusu ya bili bila hata kuuliza umeme ni bei gani, wakimbie.

Ila kumbuka kuangalia chini kabisa ya bili ya gesi, ile tozo ya kila mwezi unayolipa hata usipowasha kitu. Ukiondoa fanesi, hita ya maji na jiko vyote, inaondoka. Ukibakiza jiko peke yake la gesi unalipa tozo nzima kwa ajili ya moto mmoja, na mimi hapo huwa nawaambia watu kamilisheni tu.

SWALI: Shikamoo. Tumefungiwa pampu wiki tatu zilizopita. Mama mkwe wangu kaja, akaweka mkono kwenye tundu la hewa akasema hii kitu haifanyi kazi, inapuliza baridi. Na juzi asubuhi mashine ya nje ilianza kutoa moshi mweupe, ikanguruma, feni ikasimama, nikakimbilia breka nikazima. Nimewapigia waliofunga wanasema ni kawaida. Ni kawaida kweli au wananikwepa?

JIBU: Marahaba dada yangu. Safari hii wanasema kweli, mpe mama mkwe salamu zangu.

Mkono ni kipimo kibaya. Hewa ya fanesi inatoka na nyuzi 50 mpaka 60, ya pampu inatoka na 35 mpaka 40. Ngozi ya mkono yenyewe ina nyuzi 30 na kitu, sasa hewa ya 35 inayotembea ikikupitia unaiona kama haina joto, au hata kama baridi. Lakini chumba hakina mkono, chumba kikiwa kimewekwa 20 na hewa inayoingia ni 35, kinapanda. Weka kipimajoto kidogo juu ya meza, sio karibu na tundu, uangalie baada ya masaa mawili. Kama kinasoma ulichoweka kwenye themostati, kazi inafanyika. Utagundua pia ule mtindo wa fanesi wa kukupiga joto dakika kumi halafu kimya mpaka uanze kutafuta sweta, haupo tena, pampu inapuliza taratibu karibu muda wote. Kuna watu inawachukua mwezi kuzoea.

Moshi ule sio moshi, ni mvuke. Hewa ya nje ina unyevu, na zile plati nyembamba za mashine ya nje zikiwa baridi kuliko kuganda, unyevu unashika juu yake kama ule utandu mweupe wa ndani ya friza. Ukiwa mnene hewa haipiti. Kwahiyo mashine yenyewe inajigeuza kwa dakika chache, inachukua joto kidogo kutoka ndani inalipeleka nje kuyeyusha, utasikia "fshhh" valvu ikigeuka, feni ya nje inasimama kwa makusudi ili isipulize baridi kwenye kitu kinachoyeyushwa, barafu inayeyuka, mvuke unapanda juu kama sufuria imefunuliwa, maji yanachuruzika chini, halafu "fshhh" tena na mambo yanaendelea. Ulipozima breka ukaikatisha katikati, barafu ikabaki palepale. Usizime tena.

Siku ya hali ya hewa ya ukungu karibu na nyuzi 0 inaweza kufanya hivyo hata kila saa, siku kavu yenye baridi kali inafanya mara chache. Kinachotakiwa kukutisha ni kama mashine imefunikwa na barafu nene mpaka huoni plati, na imekaa hivyo nusu siku, hapo piga simu. Na angalia maji yanayochuruzika yanaenda wapi, kama mashine imekaa chini kabisa ya ardhi yataganda yapande mpaka yaguse plati, inatakiwa iinuliwe kwenye stendi, juu kuliko theluji inavyofika kwenu. Na isiwe njia ya kupita watu, hayo maji yakiganda ni utelezi.

SWALI: Fundi, natoa fanesi lakini hita ya maji ya gesi ina miaka minne tu, nzima kabisa, nataka kuibakiza. Fundi wangu anasema hamna shida, anakata bomba la fanesi anaziba. Kweli hamna shida?

JIBU: Hapa nisikilize vizuri ndugu yangu kwa sababu hii ndo barua ya mwezi huu iliyoninyima raha.

Swali la kwanza, fanesi na hita ya maji zinatumia dohani moja? Nenda kaangalie. Kama fanesi inatoa moshi wake kwa bomba la plastiki kupitia ukutani, na hita ya maji ina dohani yake, basi fundi yuko sahihi. Lakini kama mabomba mawili ya bati yanaungana yanapanda pamoja, usikubali kazi ianze.

Dohani ile ilipimwa kwa ajili ya moto mkubwa wa fanesi pamoja na mdogo wa hita. Fanesi ikiondoka, moshi mdogo wa hita ya maji unaingia kwenye dohani pana na ya baridi, unapoa kabla haujafika juu, unakosa nguvu ya kupanda. Hapo vitu viwili vinatokea. Mvuke uliomo kwenye moshi unageuka maji yenye tindikali yanakula matofali au bati kidogokidogo. Na kibaya zaidi, moshi unarudi chini ndani ya nyumba, ukiwa na kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi, mtu anaumwa kichwa, anasikia kizunguzungu na kichefuchefu anadhani ni mafua, analala.

Dawa ni moja kati ya mbili. Ama dohani iingizwe bomba jembamba ndani yake linalolingana na hita peke yake, ama hita ya maji nayo iondoke, uweke ya umeme, na kuna zenye pampu yake ya joto pia. Ikishafanyika yoyote itakayobakiza moto wa gesi ndani, fundi apime mbele yako, anafunga madirisha na milango ya nje, anawasha feni zote za kutoa hewa za jikoni na bafuni, na mashine ya kukaushia nguo, halafu anawasha hita ya maji, anasubiri dakika tano, anashika kitu kinachofuka moshi karibu na lile kofia la bati juu ya hita. Moshi ukivutwa kwenda juu, sawa. Ukisukumwa nje kuja usoni kwake, anazima na hamuwashi tena mpaka irekebishwe. Na weka alamu ya kaboni monoksaidi karibu na vyumba vya kulala, iwe leo, usingoje hiyo kazi.

Bomba la gesi la fanesi lisizibwe kwa kufunga koki tu, liwekwe kizibo cha chuma na lipimwe kama linavuja.

SWALI: Mambo fundi. Nilikuwa na fanesi, usiku nilikuwa nashusha mpaka 14 naokoa, asubuhi napandisha 21. Sasa nina pampu nafanya vilevile lakini bili ya kwanza imenishtua. Pia kwenye themostati asubuhi kuna maandishi AUX. Ni nini?

JIBU: Poa. Hayo maandishi ndo bili yako.

Ndani ya mashine nyingi za aina hii kuna hita za waya, kama zile za kibaniko, za akiba kwa siku za baridi mbaya au pampu ikiharibika. AUX maana yake zimewaka. Zile hazihamishi joto, zinachoma umeme, uniti moja kwa uniti moja, mara mbili na nusu au tatu ya gharama ya pampu yenyewe. Wewe ukipandisha kutoka 14 mpaka 21 kwa mkupuo, themostati inaona hii safari ni ndefu pampu peke yake itachelewa, inawasha na hizo. Ulichookoa usiku unakilipa asubuhi na riba juu.

Weka 20 au 21 uiache. Ukipenda kulala kwenye ubaridi shusha nyuzi moja au mbili, basi.

Ukishafanya hivyo wiki nzima na AUX bado inatokea siku ambazo nje sio baridi ya kutisha, kuna kosa la ufungaji. Niliwahi kuitwa kwa jirani, bili imepanda mara tatu, waliofunga wamekuja mara mbili wanasema mashine ni nzima, nyumba ndo mbovu. Nje kulikuwa na nyuzi 6, siku ya koti jepesi tu. Nikafungua kifuniko nikabana klampu mita (kipimo cha ampea) kwenye waya wa hita za akiba, namba ikasimama kwenye 42. Hizo ni ampea 42 kwenye volti 240, kilowati 10 zinaungua wakati pampu yenyewe ingeweza hiyo kazi huku inasinzia. Kushuka kwenye themostati nikakuta waya mweupe wa hita za akiba umebanwa pamoja na ule wa kompresa kwenye skrubu moja, kila pampu ikiwaka na hizo zinawaka, msimu mzima. Kuutoa na kuurudisha kwenye tundu lake ilichukua muda mfupi kuliko niliotumia kutafuta bisibisi.

Kwahiyo mwite fundi wako, mwambie mambo mawili, apime ampea za hita za akiba mbele yako pampu ikiwa inafanya kazi, zinatakiwa zisome sifuri, halafu aingie kwenye seti za themostati aweke kizuizi kwamba AUX isiwake nje kukiwa juu ya nyuzi fulani, tuseme -5 kama pampu yako ni ya baridi. Themostati nyingi za sasa zina hiyo seti, ila inataka kipimo cha nje kiwe kimeungwa au iwe kwenye intaneti isome hali ya hewa. Na kwa kuwa atakuwa ameshafungua, mwambie aangalie na filta, wiki za kwanza baada ya kazi ya dakti zinajaa vumbi kuliko unavyofikiri.